Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kucheza Historia Mbadala ya Vita vya Baharini kwa Rule the Waves 3

Ukurasa huu ni wa vikundi vinavyotaka kuitumia gemu ya kompyuta kama mtambo wa hesabu, huku mwamuzi, kamati na kumbukumbu za maandishi zikifanya kazi iliyobaki. Humu "gemu" ni programu yenyewe, na "mchezo" ni shughuli nzima ya watu wanaoizunguka. Shikeni tofauti hiyo, kwa sababu karibu kila kinachoharibika huanza pale watu wanapoiachia gemu kazi ya mchezo.

Kwa nini Rule the Waves 3, na si gemu yenye picha nzuri zaidi?

Kwa sababu inahesabu mambo ambayo hakuna kikundi kitakachoyahesabu kwa mkono miaka 30 mfululizo: bajeti ya kila mwezi, tani zilizo chelezoni, utafiti, unene wa deraya dhidi ya kombora la inchi 12 kwa umbali fulani. Ilitoka 2023. Inaanzia 1890 na kuishia 1970, na unaweza pia kuanzia 1900, 1920 au 1935. Zamu moja ni mwezi mmoja. Unaongoza jeshi la majini la nchi moja, unasanifu meli zako mwenyewe, na vita vikizuka unaziingiza vitani. Nchi nyingine zote zinaendeshwa na kompyuta.

Picha zake ni alama na mistari juu ya rangi ya buluu. Kwa kazi hii hiyo ni sifa njema, maana inafanana na meza ya makao makuu: unaona unachoambiwa na walinzi wako, na mara nyingi unaambiwa vibaya.

Kompyuta ya aina gani inatosha?

Kompyuta mpakato yoyote ya Windows ya miaka ya karibuni. Haihitaji kadi kubwa ya picha. Kero ya kawaida ni maandishi madogo au madirisha yanayokatika pembeni kwenye skrini yenye nukta nyingi. Rekebisha ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya Windows kwa programu hiyo peke yake. Na kabla ya pambano kubwa hakikisha betri imejaa. Pambano la majeshi mawili kamili huchukua saa kadhaa, na umeme haungoji limalizike.

Njia panda ni nini, na inaandikwaje?

Njia panda ni lile tukio moja mnaloligeuza. Liandikeni kabla ya kuifungua gemu, kwa sentensi tatu: kilichotokea kweli na tarehe yake, kinachotokea badala yake, na kisichobadilika. Vikundi vingi huiruka sentensi ya tatu, na baada ya miezi michache kila mjumbe anacheza historia yake.

Chukueni mkataba wa Washington, ule wa kuzuia mashindano ya kujenga manowari. Ulitiwa saini tarehe 6 Februari 1922. Uliweka kikomo cha tani 35,000 na mizinga ya inchi 16 kwa manowari kubwa, ukagawa jumla ya tani: 525,000 kwa Uingereza, kiasi hichohicho kwa Marekani, 315,000 kwa Japani, 175,000 kwa Ufaransa na 175,000 kwa Italia. Njia panda: mkutano unavunjika bila makubaliano. Kisichobadilika: deni la vita, wapiga kura waliochoka kulipia manowari, na tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923.

Hilo la tetemeko si pambo. Lilimharibu Amagi, meli ya Japani, pale Yokosuka akiwa katika kugeuzwa kuwa meli ya kubeba ndege, ndipo Kaga akachukuliwa badala yake. Kwenye historia yenu hakuna mkataba, hivyo Amagi anajengwa kama kruza kubwa ya vita (manowari kubwa yenye kasi) iliyokusudiwa tangu mwanzo. Mwamuzi anafungua kalenda ya ujenzi na kuuliza: siku hiyo ya Septemba bado yuko juu ya chelezo, au ameshashushwa majini? Swali dogo, lakini ndilo litakaloamua Japani ina nini mkononi mwaka 1925.

Njia panda mbaya husikika hivi: "Je, kama Ujerumani ingekuwa na manowari nyingi kuliko Uingereza?" Hilo ni tokeo, si tukio. Rudini nyuma mtafute mahali uamuzi ulipofanyika. Sheria za majini za Tirpitz, mkuu wa wizara ya majini ya Ujerumani, zilipitishwa 1898 na 1900, na bunge lilizipigia kura. Kura huweza kugeuka. Hapo ndipo pa kusimama.

Mipangilio ya mwanzo iweje?

Ukubwa wa majeshi: chagueni wa kati kama mnacheza kwa kamati. Majeshi makubwa sana yanapendeza miaka miwili ya kwanza, kisha kila pambano linakuwa na distroya (manowari ndogo za kasi) 60 na hakuna mtu anayejua nani yuko wapi.

Meli za mwanzo: zisanifuni wenyewe kwa mkono badala ya kuiachia kompyuta. Ni kazi ya jioni mbili, lakini jeshi linalotungwa na kompyuta halifanani na lile la kwenye vitabu, na mchezo unakuwa umeshapotoka kabla ya zamu ya kwanza.

Teknolojia inayobadilikabadilika: izimeni. Mpangilio huu hufanya uvumbuzi uje mapema au uchelewe kuliko ulivyokuwa, na kwa burudani ni mtamu kweli. Lakini nyinyi mmeshageuza jambo moja kwa makusudi. Ukiwasha na huu, mwishoni hamtajua kama Italia ilishinda kwa sababu ya njia panda yenu au kwa sababu ilipata mizinga bora miaka minne kabla ya wakati wake.

Kiwango cha uongozi vitani: chagueni kile kinachokuacha uongoze kikosi chako tu, vikosi vingine vikifuata amri kwa namna vinavyoelewa vyenyewe. Kinaudhi. Distroya zitakwenda usikotaka, na kruza zitachelewa kuripoti. Lakini kiwango kinachokupa usukani wa kila meli kinakupa kitu ambacho hakuna admirali aliyewahi kuwa nacho.

Kikundi kiwe na watu wangapi, na kila mmoja anafanya nini?

Watano hadi saba. Mwamuzi mmoja, ambaye ndiye pekee anayeigusa kompyuta. Mkuu wa jeshi la majini, mwenye kauli ya mwisho. Msanifu wa meli. Mkuu wa fedha na chelezo. Kamanda wa vitani. Mkipata wawili zaidi, mmoja awe waziri mkuu, ambaye havutiwi na manowari hata kidogo, na mwingine awe sauti ya nchi jirani.

Waziri mkuu ni wa lazima kuliko anavyoonekana, kwa sababu ya jinsi gemu inavyoshughulikia siasa. Kila baada ya miezi michache linatokea tukio lenye majibu mawili au matatu: uombe fedha zaidi au unyamaze, ujibu uchokozi au upoze. Majibu makali mara nyingi huongeza mvutano, na mvutano ukipanda bajeti nayo hupanda. Kamati yoyote yenye akili huligundua hilo ndani ya mwaka mmoja wa mchezo, na kuanzia hapo inachokoza majirani ili ijenge meli. Dawa yake: majibu ya matukio yaamuliwe na waziri mkuu peke yake, mkuu wa jeshi akiruhusiwa kumwandikia barua moja tu isiyozidi maneno 100.

Tukutane mara ngapi?

Piga hesabu kwanza. Kutoka 1900 hadi 1925 ni miezi 300, yaani zamu 300. Mkijadili kila mwezi mtachoka mkiwa 1903. Wakati wa amani kutaneni kwa kila robo mwaka: mwamuzi anasogeza miezi mitatu, anaandika ripoti ya ukurasa mmoja, kamati inatoa maagizo ya robo inayofuata. Hivyo miaka 25 hiyo inakuwa vikao 100. Vita vikianza, rudini kwenye mwezi mmoja mmoja.

Kawieni kwenye usanifu wa meli, maana matokeo yake huja polepole. Manowari kubwa huchukua miaka miwili hadi mitatu kujengwa, na uamuzi wa leo utakutana na bahari iliyokwisha kubadilika. Dreadnought, manowari kubwa ya Uingereza, aliwekwa msingi Oktoba 1905 na kukamilika Desemba 1906, miezi 14 tu, na kasi hiyo yenyewe ilikuwa silaha: wengine walikuwa bado wanapanga mabamba ya meli ambazo zilishapitwa na wakati.

Meli zetu zinaonekana nzuri kwenye karatasi lakini zinazama haraka. Tunakosea wapi?

Karibu kila mara ni mambo matatu, na hukaa pamoja.

La kwanza ni uchu wa mizinga. Msanifu anaongeza mnara mmoja wa mizinga, tani zinaisha, anapunguza deraya ya sitaha. Mapema, mapambano yakiwa ya karibu, kombora huja kwa ubavu na sitaha nyembamba haina madhara makubwa. Umbali wa kupigana ukiongezeka kadiri vyombo vya kulengea vinavyoboreka, makombora yanaanza kuangukia kutoka juu. Meli ileile iliyotamba 1908 inalipuka 1918. Zipitieni sitaha kila baada ya miaka mitano.

La pili ni kubana kila kitu hadi tani ya mwisho. Meli iliyojaa pomoni haina nafasi ya kuongezewa kitu ikipelekwa matengenezo, na vyombo vipya vya kulengea vina uzito. Acheni asilimia mbili au tatu ya tani bila kuzitumia.

La tatu ni kusahau ukubwa wa chelezo. Gemu haitakuruhusu kujenga meli kubwa kuliko chelezo zako, na kuzipanua kunachukua muda. Anzeni kupanua kabla msanifu hajaomba.

Je, gemu inaweza kuufuata mkataba kama ule wa Washington kwa usahihi?

Hapana. Ina matukio ya mikataba ya kupunguza silaha, lakini huja kwa wakati wake na masharti yake. Mkitaka mkataba halisi, mwamuzi auandike kama sheria ya nyumbani na kamati iufuate kwa mkono. Kasoro ni kwamba nchi zinazoendeshwa na kompyuta hazitaufuata. Mkataba utawabana nyinyi tu. Kwa hiyo njia panda ya "hakuna mkataba" inafanya kazi vizuri zaidi kwenye gemu hii kuliko njia panda ya "mkataba mkali zaidi". Chagueni swali ambalo chombo chenu kinaweza kulijibu.

Tunataka pande mbili za watu, si watu dhidi ya kompyuta. Inawezekana?

Gemu ni ya mchezaji mmoja, lakini njia ipo. Itumieni kwa amani tu. Kila upande una faili lake, unajenga jeshi lake kwa miaka mitano au kumi kuanzia tarehe moja, na mwamuzi anabeba habari kati yao: picha za magazetini, uvumi wa majasusi, tani zilizotangazwa bungeni. Vita vikija, mnafunga faili zote mbili na kupigana mahali pengine.

Mahali hapo panaweza kuwa Ultimate Admiral: Dreadnoughts, ambayo ina sehemu ya kutunga pambano lako mwenyewe kwa kuchagua nchi, mwaka na idadi ya meli za kila aina. Miili ya meli humo imetengenezwa tayari, hivyo mtapata meli inayokaribia yenu, si yenu hasa. Au panaweza kuwa meza, ramani na dadu, jambo ambalo ni la zamani kuliko kompyuta zote. Fred T. Jane alitoa kanuni zake za vita vya baharini vya mezani 1898, na chuo cha vita vya majini cha Newport, Marekani, kilikuwa kimeshaanza michezo ya aina hii 1887.

Mwamuzi ana mamlaka gani?

Ana mamlaka juu ya kila kitu isipokuwa kugeuza tokeo kwa sababu halimpendezi, au halimpendezi mkubwa wake. Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, Wajapani walipokuwa wakifanya zoezi la mezani la shambulio la Midway. Dadu zilipoonyesha meli zao za kubeba ndege zikipigwa vibaya, Admirali Ugaki, aliyeliongoza zoezi hilo, alipunguza hesabu ya mabomu yaliyopata shabaha, na meli iliyohesabiwa kuwa imezama ikarudishwa mchezoni. Mwezi uliofuata Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu walizama kweli.

Mkiona tokeo ni la ajabu, liandikeni kuwa ni la ajabu, mwendelee nalo. Kuna ruhusa moja tu ya kurudia: programu ikikwama au amri ikiingizwa tofauti na ilivyoandikwa. Hapo mwamuzi anarudisha nakala ya mwezi uliopita mbele ya wote.

Tunatunzaje faili?

Kila mwisho wa mwezi wa mchezo nakili folda nzima ya mchezo uliohifadhiwa, uipe jina la mwaka na mwezi kwa tarakimu: 1904-07, 1904-08. Ukiandika "Julai 1904" kompyuta itazipanga kwa alfabeti na Agosti itatangulia Julai. Nakala moja ibaki kwa mwamuzi, nyingine iende kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo wachezaji hawana ufunguo wake. Zuieni Steam (duka la mtandaoni la gemu) isisasishe gemu hadi kampeni iishe. Toleo jipya katikati ya safari hubadilisha tabia ya kompyuta, na pengine faili la zamani likakataa kufunguka.

Je, tunaweza kucheza kisa cha Königsberg, Zanzibar na Rufiji?

Ndiyo, na ndicho kisa tunachowashauri wasomaji wa pwani waanze nacho. Lakini lazima mkikate vipande vitatu, kwa sababu gemu inakimudu kimoja tu.

Kwanza ukweli wenyewe. Königsberg alikuwa kruza nyepesi wa Ujerumani mwenye mizinga 10 ya sentimita 10.5 na mwendo wa noti 24 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa), chini ya nahodha Max Looff. Alifika Dar es Salaam Juni 1914, akatoka tarehe 31 Julai kabla vita havijatangazwa. Tarehe 6 Agosti aliikamata meli ya mizigo ya Uingereza, City of Winchester, karibu na Aden, akachukua makaa yake ya mawe, nayo yalikuwa hafifu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba alimkuta Pegasus, kruza kuukuu wa Uingereza, ametia nanga Zanzibar akitengeneza mitambo, akampiga kutoka umbali ambao makombora ya Pegasus yalianguka kabla ya kumfikia. Kisha mitambo yake mwenyewe ikaharibika, akarudi kujificha kwenye delta ya Rufiji. Kruza wa Uingereza, Chatham, alimgundua mwishoni mwa Oktoba. Waingereza walizamisha meli Newbridge kwenye mdomo wa mto tarehe 10 Novemba ili kumfungia, wakaiteka Mafia Januari 1915, na mwishowe wakaleta Severn na Mersey, manowari za kina kifupi zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazil. Walishambulia tarehe 6 Julai wakashindwa, wakarudi tarehe 11 Julai 1915, na siku hiyo Königsberg akaishia pale pale kwenye mikoko. Mizinga yake 10 ilitolewa na kupigana nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja wao upo Mombasa, Fort Jesus.

Kipande cha kwanza ni uwindaji wa baharini, na huu gemu inaumudu: mwekeni kruza wenu kwenye hali ya kuvamia meli za biashara Bahari ya Hindi. Ila mwamuzi ashike daftari la makaa. Gemu inarahisisha sana habari ya makaa, wakati maisha ya Königsberg yote yalikuwa ni makaa: Waingereza walikuwa wameshayanunua mapema bandarini ili asiyapate. Kanuni ya nyumbani inayofaa: kila mwezi baharini unakula gunia moja la mchezo, anaanza na mawili, kila meli ya mizigo iliyokamatwa inatoa moja kwa dadu ya 4 na kuendelea, na ikitoka 4 hasa makaa ni hafifu, mwendo unashuka noti mbili.

Kipande cha pili ni Zanzibar, na hapa gemu itawadanganya msipokuwa macho. Gemu inahesabu mizinga kwa inchi kamili. Ya Königsberg inaingia kama inchi 4, ya Pegasus nayo inchi 4. Kwenye skrini ni pambano la mizinga 10 kwa 8, meli mpya kwa meli kuukuu, na mara nyingine Pegasus atapata nafasi. Alfajiri ile hakuwa nayo: mzinga mmoja ulifika, mwingine haukufika, na aliyepigwa hakuwa na mvuke wa kuondoka. Kwa hiyo lipigeni mezani. Njia panda nzuri hapa ni moja: Pegasus ana mvuke. Msimpe mizinga mipya wala mwenzake wa kumlinda. Mpeni uwezo wa kung'oa nanga ndani ya dakika 30, muone kama zinatosha.

Kipande cha tatu ni delta, ambako gemu haina cha kusema kabisa. Haina mto, haina mikoko, haina maji kujaa na kupwa. Chukueni ramani ya mdomo wa Rufiji, ichoreeni miraba ya kilomita moja, na mwamuzi atengeneze jedwali la maji: bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) kwa mwezi mzima, saa za kujaa kwa kila siku. Königsberg alihitaji maji ya kina cha zaidi ya mita 5. Severn na Mersey hawakuhitaji hata mita 2. Anayesahau jedwali hilo amecheza mchezo mwingine.

Kwa mizinga inayopigwa juu ya mikoko, mtu asimwone anayempiga, tumieni dadu mbili. Bila ndege ya kuangalia makombora yanaangukia wapi, ni 12 peke yake inayopata, yaani mara moja katika 36. Ndege ikiwa juu, 10 na kuendelea, mara moja katika sita. Ikiwa imesharekebisha shabaha mara mbili mfululizo, 8 na kuendelea, mara 15 katika 36. Jedwali hilo litawaonyesha kwa nini ndege zilizoruka kutoka Mafia zilikuwa na thamani kuliko kruza zilizosubiri nje ya mto.

Njia panda ambayo hutoa majadiliano marefu kuliko zote ni ya mitambo. Tukio: mitambo ya Königsberg haiharibiki Septemba 20. Kisichobadilika: hana makaa mazuri, hana bandari rafiki, na Chatham, Dartmouth na Weymouth wenye mizinga minane ya inchi 6 kila mmoja wanakuja. Kamati nyingi hufurahi kwanza, kisha zinalifungua daftari la makaa na ukumbi unanyamaza. Wa upande wa nchi kavu naye aulizwe: kama meli itapotelea mbali baharini, ile mizinga 10 haitafika kamwe mikononi mwa Lettow-Vorbeck. Je, nani amefaidika?

Tutumie lugha gani kwenye amri?

Kiswahili, bila wasiwasi. Omo, tezi, sitaha, nanga, chelezo, bamvua: pwani ilikuwa na maneno haya kabla ya Dreadnought. Kwa aina za meli kubalianeni mapema, manowari kubwa, kruza, distroya, nyambizi, na msibadilishe katikati.

Tahadhari kubwa ni saa. "Saa kumi na moja alfajiri" na "saa 11" ni kitu kimoja kwa mwandishi, lakini mwamuzi aliyekaa mbele ya skrini inayoonyesha 11:00 atasogeza meli saa sita baadaye. Amri zote ziandikwe kwa tarakimu nne za saa za meli: 0525, 1740. Umbali uandikwe pamoja na kipimo chake kila mara, kwa kuwa gemu inaonyesha yadi na ramani yenu ina kilomita.

Matokeo yetu yanathibitisha nini?

Kampeni moja haithibitishi kitu. Ichezeni njia panda ileile mara tatu kutoka faili lilelile la mwanzo, na mara moja zaidi bila njia panda. Chagueni mapema tarakimu tano za kuandika kila mwisho wa mwaka: tani za manowari kubwa, bajeti, meli zilizozama kwa pande zote, siku za vita, hali ya machafuko nyumbani. Kinachojirudia kwenye zote tatu na hakipo kwenye ile ya nne kinastahili kujadiliwa. Kilichotokea mara moja ni hadithi nzuri.

Faida ya kweli huonekana kwenye maagizo yenyewe. Kwa nini kamati ilikataa kupanua chelezo 1906? Walijua nini siku hiyo? Huko Liverpool kuanzia 1942, kikosi kidogo chini ya Gilbert Roberts kilicheza vita vya nyambizi sakafuni kwa chaki na vijimeli, wasichana wa jeshi la majini wakisogeza alama, na mbinu walizozipata wakawafundisha manahodha waliokuwa wakirudi baharini. Walirudia tendo moja hadi wakaelewa nyambizi ilikuwa wapi na kwa nini. Kwa hiyo hifadhini kila karatasi ya maagizo, hata yaliyokataliwa, na tarehe yake ya kweli pembeni ya tarehe ya mchezo.

Mjumbe mmoja anajua historia sana na kila mara anatabiri kitakachotokea. Tufanyeje?

Mfanyeni awe sauti ya nchi jirani, au mkuu wa upelelezi anayeruhusiwa kusema tu yale yaliyojulikana hadharani mwaka huo. Akisema mwaka 1904 kwamba turbini ndiyo itakayoshinda, aonyeshe ni meli gani iliyokwisha kuitumia. Anayo: Turbinia alikimbia mbele ya manowari za malkia pale Spithead 1897. Hoja hiyo inakubalika. Akisema ndege zitazizamisha manowari kubwa, mwaka 1904 hana cha kuonyesha, na kamati iendelee na ajenda.